Safari ya Amherst, kwenye makaratasi ya Profesa Du Bois

Jamani Amherst nimefika. Mji wenyewe uko magharibi mwa jimbo la Massachusetts, huku Marekani, na kilichonipeleka ni makaratasi tu, barua na nyaraka za utafiti za W.E.B. Du Bois, profesa wa sosholojia aliyefundisha Atlanta University, mtu mweusi wa kwanza kupata PhD ya Harvard mwaka 1895. Wengi wetu tunamjua kwa siasa, yule mzee wa mikutano ya Pan-Afrika aliyekuwa Manchester mwaka 1945 na kina Nkrumah na Kenyatta. Mimi nimesoma sosholojia pale Mlimani na niliyekuwa namtafuta ni yule mtafiti.

Kutoka Springfield nikapanda basi mpaka Northampton, hapo unabadilisha unachukua la Amherst, linavuka mto Connecticut halafu linapita Hadley, mashamba kushoto na kulia na mabanda marefu ya kukaushia tumbaku, nikasema hapa ni Urambo kabisa ila yenye baridi. Ukiingia Chuo Kikuu cha Massachusetts, ndipo yalipo makaratasi, huulizi maktaba iko wapi, ni jengo la matofali la ghorofa 28 unaliona ukiwa bado mbali, na tangu 1994 linaitwa kwa jina lake Du Bois.

Chumba cha nyaraka kiko ghorofa ya 25. Begi unaacha nje, peni haziruhusiwi, unaandika kwa penseli, unaletewa boksi unafungua folda moja moja na kila karatasi inarudi ilipokuwa. Vitu vyote kwenye huo mkusanyiko vinapita 100,000. Mwanamke aliyenihudumia akanieleza kwamba sehemu kubwa imeshaskaniwa na iko bure mtandaoni, hata ukiwa Songea na simu yako unasoma, na kweli nyie mlioko nyumbani someni, sio lazima nauli ya ndege. Ila mimi nilitaka nione mwandiko.

Na niliuona. Kuna aliyoandika Berlin akiwa mwanafunzi, usiku wa kutimiza miaka 25, Februari 1893, yuko peke yake chumbani na mishumaa, anajiwekea ahadi kwamba atajijengea jina kwenye sayansi na kwenye uandishi ili awainue watu wake. Kijana wa miaka 25! Na hiyo Berlin yenyewe hakupewa kirahisi, aliyekuwa rais wa Marekani, Rutherford Hayes, ndiye aliyekuwa anausimamia mfuko wa kusomesha weusi na alishatamka hadharani kwamba wanaofaa kusomeshwa Ulaya hawaonekani, Du Bois akamwandikia moja kwa moja na akaendelea kuandika mpaka hela ikatoka.

Iliyonishika zaidi ni barua ya 1905, anamwandikia binti mweusi wa shule huko Pennsylvania. Mwalimu wake alikuwa amemweleza Du Bois kwamba huyu mtoto ana akili lakini hasomi kwa sababu haoni elimu itamsaidia nini mtu wa rangi yake. Profesa mzima, ana vitabu, ana madarasa, ana makongamano ya utafiti kila mwaka pale Atlanta, akakaa chini akamwandikia mtoto asiyemjua kumsihi asome. Nakala akaitunza, ndio maana leo ipo.

Huyu bwana alikuwa anatunza kila kitu, mpaka risiti. Na hapo ndio unamwelewa alivyofanya kazi Philadelphia 1896, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimpa cheo kidogo tu cha msaidizi, akahamia na mke wake kwenye kata yenyewe anayoitafiti, madodoso mkononi, akapita nyumba kwa nyumba yeye mwenyewe anauliza watu kazi, kodi, umri, wametoka wapi. Kitabu kikatoka 1899. Sisi tuliotumwa mtaani na madodoso tunajua jua lile na mbwa wale, na yeye hakuwa na wasaidizi wa kumpunguzia.

Sasa makaratasi haya yangeweza kupotea yote. 1951 serikali ilimshtaki kama wakala wa nchi ya nje, kesi ikafutwa mahakamani lakini pasipoti wakamnyima miaka kadhaa, watu wakaanza kumkwepa. Alipohamia Ghana 1961 kwa mwaliko wa Nkrumah, sehemu kubwa ya hizi nyaraka alimwachia mwanahistoria Herbert Aptheker, ambaye naye kama mkomunisti alikuwa anaandamwa, na ndiye aliyezilinda miaka yote hiyo. Mzee akafia Accra Agosti 1963. Mjane wake, Shirley Graham Du Bois, akaziuza kwa chuo hiki 1973, wakazipanga, wakafungua milango kwa wasomaji 1980. Ondoa Aptheker au ondoa huyo mjane, yule binti wa Pennsylvania tusingemjua.

Nilipotoka nikiwa nasubiri basi nikampigia mama mmoja Dar, mjane wa mwalimu wangu wa utafiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, uko wapi kunapuliza hivyo?"

Nikamweleza, kisha nikauliza yale maboksi ya mzee, madodoso ya vijijini na daftari zake za miaka ya sabini. Akasema yapo stoo, mchwa wameingia kwenye mawili, na kuna furushi mjukuu alimpa muuza karanga wa pale kona kwa ajili ya kufungia. Mwili uliniisha nguvu. Nikamwambia mama tafadhali lisitoke tena hata moja, funga stoo, mdogo wangu anakuja Jumamosi na masanduku ya plastiki, na kabla hajaja apite kwanza kwa muuza karanga aulize kama kuna karatasi zimebaki.