Nilivyowaimbisha wazee wa Hudson nyimbo za The Weavers bila karatasi

Mtu akikushauri kwamba ukitaka wazee waimbe uwachapie maneno kwenye karatasi, mshukuru, kisha fanya kinyume chake. Ushauri huo nilipewa na watu wenye shahada za muziki, wakanipa na wa pili: tafuta projekta, urushe maneno ukutani kwa herufi kubwa. Nilifuata yote mawili nikapata ukumbi mzima wa watu wanaokohoa.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, kwenye bonde la mto Hudson, kaskazini ya jiji la New York. Nyumbani ni Tanga, nimelelewa kwenye kwaya ya usharika, sauti ya tatu, na nota ninazozijua ni do-re-mi tu. Huku nimekuta wazee ambao ukitaja The Weavers mbele yao, lile kundi la Marekani la watu wanne lililoimba nyimbo za kiasili, chai inapoa. Na wana sababu, maana bonde hili ni la wenyewe. Pete Seeger, mwimbaji wao mpiga banjo, kile chombo cha nyuzi kama gita, alijijengea nyumba ya magogo karibu na Beacon akaishi hapo hadi uzee wake wote. Lee Hays, mwenye besi, alimalizia maisha Croton, na alipofariki mwaka 1981 majivu yake yalichanganywa kwenye lundo la mboji bustanini kwake, kama alivyoagiza mwenyewe. Nilipomsimulia mama kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huyo mtu hakuwa na ndugu.

Mzee ninayemhudumia ana sahani zao zote za santuri. Yeye ndiye aliyeanza: tuwaite majirani Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa chini wa jengo, tuimbe zile nyimbo kama zamani. Kaka yangu Tanga aliposikia alicheka mpaka simu ikakatika. "Yaani umevuka bahari kwenda kuwafundisha Wazungu nyimbo zao?"

Basi ile Jumamosi ya karatasi. Nimechapa vizuri, nimebana kwa pini, kila mtu na nakala yake. Tukaanza "Goodnight, Irene", wimbo ambao mwaka 1950 ulikaa namba moja Marekani kwa wiki 13, hakuna mzee pale asiyeujua. Nikasikia mvumo kama wa friji. Kila mtu kainamisha kichwa, kidevu kifuani, koo limejikunja, sauti inashukia kwenye karatasi na kubaki hapo. Huyu miwani ya kusomea ameiacha juu. Yule yuko ukurasa wa tatu, mwenzake bado wa kwanza, wanaulizana kwa sauti kubwa kuliko wimbo. Bibi mmoja aliangusha karatasi zake, majirani wawili wakainama kuziokota, safu nzima ikanyamaza. Projekta ndiyo ilikuwa kioja: mapazia ya ukumbi hayafungi sawasawa, jua la mchana linapiga ukutani, maneno yanaonekana ubeti mmoja na kupotea mwingine. Tulipofika kwenye kiitikio, ambacho mtoto mdogo anakijua, watu bado wamekazia macho ukuta mweupe wakisubiri waoneshwe. Nikazima. Projekta ilikuwa ya kuazima, namshukuru Mungu sikuinunua.

Dawa ilikuwa kwenye santuri zilezile. Sikilizeni "On Top of Old Smoky" walivyoirekodi mwaka 1951. Kabla ya kila mstari Seeger anautamka haraka haraka, halafu wote wanauimba. Wengi hudhani ni mbwembwe. Mimi niliposikia niliona kijijini kwa babu, kanisa lenye vitabu vya nyimbo vitano na watu mia: mwanzilishi anataja mstari, kanisa zima linaubeba. Tofauti ni kwamba Seeger alikuwa nayo kama ufundi kamili, na huo ufundi una siri yake, acha niwaeleze.

Mstari hautajwi baada ya watu kumaliza kuimba. Hapo umechelewa, wimbo unasimama unasubiri. Unautaja wakati bado wameshikilia neno la mwisho la mstari uliopita, ile sauti ndefu inayovutwa. Unaingia juu ya mvuto wao, kwa kasi, katika pigo lilelile, na lazima uwe umemaliza kabla hawajavuta pumzi. Usiimbe, tamka. Ukiimba wanakusikiliza, ukitamka wanakujibu. Na mstari ukiwa mrefu, taja maneno matatu ya mwanzo tu, mengine wanayo kichwani, wameyahifadhi miaka sabini. Nilifanya mazoezi jikoni nikiosha vyombo, santuri inaimba, mzee wangu kakaa mezani akinigongea kijiko kila nikichelewa. Alikuwa mkali kuliko mwalimu wangu wa kwaya, na yule alikuwa anatembea na fimbo.

Jumamosi iliyofuata hapakuwa na karatasi hata moja. Nilisimama, nikatamka mstari wa kwanza, vichwa vikainuka vyote. Vichwa vikiinuka, makoo yananyooka, sauti inatoka. Sikuwa najua kama jengo lile lina mwangwi.

Tatizo likawa ufunguo, yaani wimbo uanzie sauti ya juu au ya chini kiasi gani. Wazee hushuka sauti. Bibi aliyekuwa sauti ya kwanza enzi za Kennedy leo ni sauti ya pili kavu. Watu wakanikaba kwamba tuimbe palepale walipoimba The Weavers wenyewe, maana ndivyo masikio yao yalivyozoea. Nikawaacha wajaribu mara moja. Kwenye sehemu ya juu ya kiitikio walibaki wawili, na mmoja wao ni mimi.

Aliyetuokoa ni mzee mwenye banjo ya shingo ndefu. Banjo hiyo ni ubunifu wa Seeger mwenyewe: alirefusha shingo ya banjo ya kawaida kwa nafasi tatu, ili aweze kushuka na kupiga pale sauti yake inapokaa vizuri. Banjo ya kawaida ikiwa wazi inatoa G, hii inashuka nusu toni tatu hadi E. Mzee alikuwa ameacha kapo, kile kibanio cha shingoni, imebana palepale kwenye nafasi ya tatu kwa miaka, kwa hiyo alikuwa na banjo ndefu anayoipiga kama fupi! Nikamwomba aitoe. Alisita kama nimemwambia avue shati. Alipoitoa, nyuzi zikalegea sauti, ukumbi mzima ukashuka naye bila kuambiwa chochote. Wale wa "palepale walipoimba wenyewe" hawakugundua mpaka leo, na nyinyi msiwaambie.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Sauti nne niliwagawia kwa do-re-mi, wakazishika. Sehemu ya Ronnie Gilbert wanaitaka mabibi wote, ingawa yule mama alikuwa na kifua cha kuimba peke yake juu ya wanaume watatu bila kipaza sauti. Sehemu ya Fred Hellerman, yule wa nne wao, haitakiwi na mtu, maana ndiyo ya katikati, haisikiki hadi ikosekane. Hiyo mpe mtu mwenye subira. Usimpe mwanasheria mstaafu.

"Wimoweh" niliuweka pembeni makusudi. Hawa wazee wanaupenda kupita maelezo, na wengi waliamini ni wimbo wa zamani wa "Afrika" usio na mwenyewe. Hapo nikaweka kijiti chini nikazungumza. Mwenyewe anaitwa Solomon Linda, Mzulu, aliyeurekodi Johannesburg mwaka 1939 na kundi lake la Evening Birds kwa jina la "Mbube". Sahani ilimfikia Seeger kupitia Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za asili, The Weavers wakaurekodi, na kwenye lebo akaandikwa mtunzi Paul Campbell. Paul Campbell hayupo. Ni jina walilotumia wenyewe The Weavers kuandikishia nyimbo. Mwaka 1961 kundi jingine, The Tokens, wakautoa upya ukaenea dunia nzima, na Linda akafa mwaka uliofuata akiwa maskini. Familia yake ilipata mapatano ya haki zake mwaka 2006, baada ya kwenda mahakamani.

Kimya. Bibi mmoja akasema Pete asingefanya hivyo. Mzee wa banjo akajibu kwamba Pete alikuwa ameagiza Linda alipwe, ila waliokuwa wakisimamia fedha ni wengine. Wakabishana, nikawaacha wabishane, mimi nikamimina kahawa. Mwisho walikubaliana kitu kimoja: tunapouimba, jina la Linda linatajwa kwanza. Ndivyo tunavyofanya. Besi inazunguka do, fa, do, sol, haibadiliki mwanzo mwisho, kazi ya watu wenye mapafu machache. Wa kati wanarudia neno. Ile sauti nyembamba ya kubana koo inayopaa juu ya wote naitoa mimi, na nisijifanye mnyenyekevu: naitoa vizuri. Kuna siku mpishi wa jengo alitoka na mwiko mkononi kuja kuangalia ni nani.

Jambo jingine la kujiandaa nalo ni Carnegie Hall, ukumbi maarufu wa muziki jijini New York. Ukumbi ule unachukua watu wasiofika 3,000. Onesho la mkesha wa Krismasi mwaka 1955 ndilo The Weavers walilorudi nalo jukwaani baada ya kuwekwa kwenye orodha ya wasiotakiwa kwa tuhuma za ukomunisti, kampuni yao ya kurekodi, Decca, ikiwa imewatupa, redio hazipigi nyimbo zao, na Seeger ametoka kuhojiwa na kamati ya Bunge Agosti ile ile. Kwa hiyo kuwapo pale usiku ule ni sifa. Kwa hesabu ya wazee niliokutana nao mimi peke yangu, ukumbi ulikuwa umejaa mpaka barabarani, na mmoja wao nimeona cheti chake cha kuzaliwa: alikuwa na miaka minne. Usimpinge. Mwambie akusimulie, kisha umwombe aanzishe wimbo unaofuata. Huyo wa miaka minne ndiye mwanzilishi wangu bora.

Nao walinilipizia. Siku moja, bila kunishauri, walinigeuzia viti wakaniimbia "Malaika" yote, kama walivyoisikia kwa Makeba na Belafonte kwenye sahani ya 1965. Kiswahili kilikuwa cha kubahatisha, ila sauti nne zimekaa. Nikawatamkia mstari uliofuata katikati ya mvuto wao, nao wakaupokea. Video nilimtumia kaka. Hakucheka, aliuliza tu yule wa besi ni nani.

Gharama hazina maana: kahawa, biskuti laini, dola mbili tatu za nyuzi. Viti vyenye mikono, maana mtu anayeogopa kuanguka haimbi. Anzeni na "Old Smoky", polepole, na "Tzena, Tzena" iacheni mpaka watu wamepashwa, inamaliza pumzi. Ubeti wa mofini kwenye "Irene", ule wa Lead Belly, mwimbaji waliyeupata wimbo kwake, ambao The Weavers waliuacha, mzee mmoja anaudai kila wiki. Namruhusu auimbe peke yake.

Ugomvi ambao sijaumaliza ni wa mwaka 1958. Wenzake Seeger walikubali kuimba tangazo la sigara, yeye akaondoka, Erik Darling akachukua nafasi yake. Nusu ya ukumbi husema Darling alipiga banjo safi kuliko Seeger, na nusu nyingine, ikiongozwa na bibi wa safu ya mbele, haitaki kusikia jina hilo. Kwa hiyo nyimbo za enzi za Darling nimeziweka mwisho kabisa, saa ambayo yule bibi ameshakwenda kuvaa koti lake.