Jinsi tulivyoiona kazi ya autofagosomu kwa hadubini ya kawaida

Ukiwa na hamira, hadubini yenye lenzi ya mara 100 na subira ya saa chache, unaweza kuona kazi ya oganeli (kiungo kidogo cha seli) ambayo asubuhi haikuwapo ndani ya seli. Tumefanya hivyo na wanafunzi wangu chuoni. Naandika kwa sababu somo hili hufundishwa kwa michoro mitupu, na inaniuma.

Oganeli yenyewe ni autofagosomu. Seli ikishikwa na njaa, vijifuko vyenye protini ya Atg9 hukusanyika na kuanzisha utando mpya. Protini nyingine, Atg2, huhamisha mafuta kutoka retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa tando ndani ya seli, na kuukuza utando huo. Hujikunja kama kikombe, hukumbatia sehemu ya saitoplazimu, yaani ute wa seli, kisha hufunga mdomo. Ndiyo maana autofagosomu ina tando mbili. Utando wa nje huungana na vakuoli, yaani tumbo la seli la kusagia, na mfuko wa ndani huingia humo na kusagwa.

Husagwa upesi mno, ndiyo shida. Yoshinori Ohsumi wa Japani alitumia hamira zisizo na vimeng'enya vya kusaga protini, mifuko ikalundikana akaiona. Alichapisha mwaka 1992, na mwaka 2016 akapewa Nobel. Sisi hatukuwa na hamira hizo, kwa hiyo tuliizuia hamira yetu isisage kwa kemikali iitwayo PMSF. Ni sumu, glavu ni lazima, na huyeyushwa kwanza kwenye alkoholi kwa kuwa majini huharibika haraka.

Tuliiotesha hamira kwenye chakula cha kutosha, tukaiosha, tukaigawa. Nusu ilirudi kwenye chakula. Nusu tuliiweka kwenye glukosi isiyo na naitrojeni, maana njaa inayotakiwa ni ya naitrojeni, si ya sukari. Zote mbili zilitiwa PMSF.

Alasiri, hamira iliyoshiba ilikuwa na vakuoli safi, nyeupe. Yenye njaa ilijaa vijiduara visivyotulia, yaani ile mifuko ya ndani ambayo haijasagwa, vikigongana. Ukigusa fokasi kidogo vinapotea, vingine vinaibuka.

"Mwalimu, mbona vinatembea?" aliuliza binti mmoja.

Havitembei, vinasukumwa na molekuli za maji. Lakini kwangu swali lile lilitosha: alikuwa anatazama, hakariri.

Utando ukiwa bado unajikunja hatukuuona. Kwa hilo inahitajika hamira ambayo Atg8 yake, protini inayokaa kwenye utando huo, imeunganishwa na protini ing'aayo kijani, pamoja na hadubini ya mwanga wa florisensi. Hadubini tumeshaahidiwa, hamira ndiyo tunayoitafuta.