Goti bandia na maisha ya mkekani

Nilibadilishwa goti la kulia Chennai, India, ambako wagonjwa wengi wa Tanzania na Kenya huenda kutibiwa, na dada yangu mkubwa akabadilishwa lake Uingereza anakoishi na wanawe. Upasuaji ulikuwa wa namna moja: ncha za mifupa zilizolika hukatwa na kuvishwa chuma, kisha katikati hutiwa plastiki ngumu. Tulitofautiana katika kile tulichotarajiwa kukiweza baadaye.

Dada hupimwa kwa dodoso la maswali 12, lenye alama 0 hadi 48, linalouliza juu ya maumivu, ngazi, kupanda gari na kwenda sokoni. La kupiga magoti ni moja tu, na kwa mtu anayeishi kwenye viti, linatosha. Mimi niko Tanga, nala mkekani, naswali, na choo chetu kilikuwa cha kuchuchumaa. Kutembea mahali tambarare kunahitaji goti likunjike nyuzi 70 hivi na ngazi zinataka karibu 90, lakini kuchuchumaa hasa kunapita 120, kiwango ambacho magoti bandia mengi hayakifikii. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza hayo kabla ya upasuaji, jambo ninalomshukuru sana, maana tuliweka choo cha kukalia kabla sijasafiri.

Baada ya upasuaji, alisisitiza kunyoosha kabla ya kukunja, kwa sababu goti lisilonyooka humfanya mtu achechemee hata kama linakunjika vizuri. Niliweka taulo lililoviringishwa chini ya kisigino, nikakaza misuli ya mbele ya paja, ambayo hudhoofika mno katika wiki za mwanzo, na dawa ya maumivu niliimeza kabla ya mazoezi ili niweze kuyamaliza.

Nyumbani nilimpata kijana mmoja wa fani hiyo, aliyeniuliza, "Mama, ni kitu gani unachotaka kukifanya ambacho sasa kinakushinda?" Nikamjibu kwamba nataka kushuka mkekani na kuinuka bila kushikwa mkono. Kidonda kilipopona na daktari akaridhia, tulianzia juu ya godoro: nashika kiti, mguu mzima unatangulia mbele na kubeba uzito, goti lililopasuliwa linashuka taratibu; na wakati wa kuinuka, mguu ule mzima ndio unaonisukuma. Upande wa nje wa kovu una ganzi, kwa kuwa mishipa midogo ya fahamu hukatwa wakati wa upasuaji, na kuligusisha goti chini kulinitia hofu kuliko kulivyoniumiza.

Sasa nasujudu juu ya mswala mnene, ila katika tahiyatu naunyoosha mguu pembeni, kwani kuukalia siwezi. Dada, ambaye hakufundishwa kupiga magoti, ameniomba nimweleze hatua hizo, naye atamwonyesha kwanza mtaalamu wake.