Faili Lipo, Kompyuta Inasema Halipo

Saa nane usiku, kompyuta moja ya ofisini kwetu huandika ripoti katika folda ya seva inayoshirikiwa kwa NFS (mfumo wa kushiriki faili kupitia mtandao), kisha kompyuta ya pili, ambayo nayo ni ya Linux, huitafuta ripoti hiyo ili iichape. Skripti yake, yaani programu fupi ya amri, huuliza mara kumi, ikipumzika sekunde mbili kila mara, na faili lisipoonekana huacha. Kwa wiki nzima nilikuta asubuhi imeacha, ilhali kwenye seva faili lilikuwapo, tena limeandikwa sekunde chache tu baada ya swali la kwanza. Nilipoiendesha skripti ileile kwa mkono, ripoti ilichapwa bila shida.

Nilishuku ruhusa za folda, nikashuku saa za kompyuta hizo kupishana, na nakiri kwamba nilibadilisha hata waya wa mtandao uliokuwa mzima kabisa. Kilichonifumbua macho ni tcpdump, programu ya kunasa mawasiliano ya mtandao, niliyoiacha usiku kucha ikisikiliza poti namba 2049 inayotumiwa na NFS: swali la kwanza lilitoka, seva ikajibu kuwa faili halipo, na baada ya hapo jina la faili hilo halikuulizwa tena. Mara tisa zilizofuata kompyuta ilijijibu yenyewe.

Huo si ubovu. Ili isiisumbue seva kwa kila jambo dogo, kompyuta inayotumia NFS huhifadhi majibu, yakiwamo majibu ya "halipo", na huendelea kuyaamini maadamu taarifa ilizonazo kuhusu folda hazijapitwa na wakati. Kwa kawaida taarifa za folda hudumu kati ya sekunde 30 na 60, wakati skripti yangu ilikuwa na subira ya sekunde 20 tu. Kwa hiyo, ikitangulia kuuliza mapema, haikuwa na namna ya kufanikiwa.

Nilijaribu kwanza noac, chaguo la kuunganisha folda linalozima uhifadhi wa taarifa hizo, lakini kuorodhesha folda kubwa kukawa kwa kukokota. Ndipo nikaitenganisha folda na kompyuta ya pili na kuiunganisha upya kwa chaguo jingine, lookupcache=positive, ambalo huhifadhi majibu ya "lipo" peke yake. Muda wa kuhifadhi taarifa, unaowekwa kwa chaguo la actimeo, sikuugusa, kwa sababu ripoti zetu zikishaandikwa hazibadilishwi. Skripti nayo nimeiongezea subira hadi dakika mbili.