Dawa hiyo haiui nyuki gani?

Hapa Ilula nyanya bila dawa hupati kitu, hilo silibishi. Ila jirani akipita na bomba mgongoni asubuhi, namwambia, “Mjomba, si ungengoja jioni?” Ananijibu dukani wamemhakikishia haiui nyuki.

Nyuki gani sasa? Nyuki wa asali ana kimeng'enya kiitwacho CYP9Q3. Hicho huivunjavunja thiakloprid, dawa mojawapo ya kuulia wadudu, upesi kabla haijamlemaza. Imidakloprid, ambayo ni ya ukoo uleule wa neonikotinoidi, kinaivunja kwa kusuasua, na ndiyo maana tone dogo mno linatosha kumuua. Bambi wa Ulaya, yule nyuki mnene mwenye manyoya, naye anacho cha kwake, CYP9Q4.

Halafu yupo nyuki mkata majani, Megachile rotundata, anayefugwa Marekani kuchavusha lusani. Huyo hana kabisa vimeng'enya vya kundi la CYP9Q. Utafiti wa 2019 ulionyesha thiakloprid humdhuru zaidi ya mara 2,500 kuliko nyuki wengine wanaofugwa. Elfu mbili na mia tano, jamani!

Ndugu zake tunao. Waridi langu mlangoni limekatwa nusu duara safi, kama kwa mkasi wa fundi cherehani. Na vipimo vya dawa, kwa kawaida, huanzia kwa nyuki wa asali.