Nilivyopima usumbufu wa boti kwa pomboo bila kuwa msumbufu mwenyewe

Kila anayeanza kazi hii hupewa ushauri uleule: kodi boti, wafuate pomboo, andika wanavyofanya boti za watalii zikifika. Ni ushauri mbovu, na unaudhi zaidi kwa kuwa hutolewa na watu wenye vyeti vyao ukutani. Ukiwa ndani ya boti, wewe mwenyewe ni boti. Injini yako imeshasikika chini ya maji kabla hujaona pezi la kwanza, kwa hiyo ile "hali ya kawaida" unayoiandika daftarini ni hali ya wanyama ambao tayari wana mgeni. Ni sawa na kumwita mtoto kwa sauti ili ujue kama amelala.

Mimi nilipanda jabalini na theodolaiti, chombo cha wapima ardhi chenye darubini ndogo juu ya miguu mitatu. Huko Argentina watafiti walianza kukitumia kufuatilia nyangumi na pomboo kutoka nchi kavu katika miaka ya 1970, na kwa swali hili sijaona kinachokishinda. Kilichokwishatumika, kinachosoma hadi sekunde 20 za digrii, kinatosha kabisa. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na mafuta utakayochoma msimu mzima ukiwafukuza wanyama ambao ulitaka kuwaona wametulia.

Hesabu ni ya shule. Unapima pembe ya kutazama chini, unachukua kimo cha jicho lako juu ya maji, unagawanya kimo kwa tanjenti ya pembe: huo ndio umbali. Kimo kikiwa mita 50 na pomboo akiwa kilomita 2, pembe ni digrii 1.4 tu. Pembe ikiwa ndogo hivyo, kosa la mita 1 katika kimo linakuwa kosa la mita 40 baharini. Na kimo hakitulii, maana bahari hupanda na kushuka.

Hapa ndipo wengi wanapoumbuka. Tuseme umepima kimo maji yakiwa yamejaa ukapata mita 50, ukatumia namba hiyo siku nzima. Maji yakishuka mita 3, kimo cha kweli ni 53, lakini wewe unaendelea na 50. Ramani yako nzima imesinyaa kwa karibu asilimia 6. Pomboo aliye kilomita 2 unamweka pungufu kwa zaidi ya mita 110, na kasi yake nayo inaonekana ndogo kwa kiasi hichohicho. Sasa ongeza jambo moja: mahali penye kina kifupi, boti hutoka zaidi maji yakijaa. Matokeo yako yatasema pomboo huongeza kasi boti zikiwepo na kupunguza zisipokuwepo, jedwali litapendeza, takwimu zitakubali, kumbe umepima kujaa na kupwa kwa maji.

Utaambiwa utumie jedwali la maji kujaa na kupwa. Jedwali hutengenezwa kwa ajili ya bandari fulani, nawe hauko bandarini. Upepo unaosukuma maji pwani na mabadiliko ya mgandamizo wa hewa huongeza au kupunguza sentimita nyingi ambazo jedwali halizijui. Jipimie mwenyewe.

Ujanja wangu, nao najivunia, ni huu. Tafuta kitu kilichosimama wima majini chini ya jabali: nguzo ya gati ya zamani, au mwamba wenye ukuta ulionyooka. Pima mara moja tu, kwa makini sana, umbali wa mlalo kutoka chombo chako hadi hapo. Tuseme ni mita 150. Kila baada ya dakika 20 elekeza theodolaiti pale maji yanapogusa nguzo, soma pembe, zidisha 150 kwa tanjenti yake. Jibu ni kimo cha jicho lako juu ya bahari kwa dakika ileile. Uzuri wake ni kwamba pembe hapa ni kubwa, kama digrii 18, kwa hiyo ukikosea dakika moja ya digrii unapoteza sentimita 5 tu za kimo. Dakika hiyohiyo ukiikosea kwa pomboo wa kilomita 2 unapoteza mita 23. Mawimbi yakiwepo, soma juu ya wimbi na chini yake, kisha chukua katikati. Nguzo iliyoinama haifai, kwa kuwa maji yakishuka hata ule umbali wa mlalo unabadilika. Tangu nianze kufanya hivi sijawahi kubishana na mtu kuhusu jedwali.

Umbali nao una mpaka, kwa sababu kosa linaloletwa na pembe hukua kwa mraba wa umbali: mita 23 za kilomita 2 zinakuwa 52 kwenye kilomita 3 na karibu 145 kwenye kilomita 5, ambako hata mviringo wa dunia umeshakula karibu mita 2 za kimo. Mimi naishia kilomita 3. Na ukague usawa wa chombo kila nusu saa. Miguu huzama udongoni jua likipanda.

Watu watatu wanatosha: mmoja kwenye theodolaiti, mmoja mwenye darubini ya kuangalia tabia, mmoja mwandishi. Mwenye darubini asisomewe umbali wa boti. Akishajua boti iko mita 80 ataanza kuona hofu hata pasipo na hofu.

Tabia nazigawa tano: kupumzika, kusafiri, kuwinda, kuchangamana, kupiga mbizi ndefu. Kila baada ya dakika 3 unaandika sehemu kubwa ya kundi inafanya nini. Usiandike tu "kilichovutia". Jeanne Altmann, mtafiti wa tabia za wanyama, alishaonyesha mwaka 1974 jinsi uandishi wa namna hiyo unavyopotosha, maana jicho hukimbilia mruko na kusahau robo saa ya kuelea kimya. Kupumzika ndiko kunakoharibika kirahisi, na ndiko kusikoonekana kwa mtu mwenye papara: wamekaribiana, wanakwenda taratibu, wanaibuka karibu kwa pamoja.

Kwenye uchambuzi, usilinganishe asilimia za siku zenye boti na zisizo na boti ukaishia hapo. Angalia mabadiliko: waliokuwa wamepumzika, dakika 3 baadaye wako wapi? Mtafiti David Lusseau alitumia minyororo ya Markov, yaani hesabu ya uwezekano wa kutoka hali moja kwenda nyingine, kwa njia hiyo kwa pomboo wa Doubtful Sound, New Zealand, na hesabu yenyewe haitaki kompyuta kubwa. Hatua ambayo boti ilifika katikati yake itupe, kwani si ya upande wowote. Kundi likikupotea kwa zaidi ya robo saa, anza mnyororo mpya.

Sauti ni kazi nyingine, na haidrofoni, maikrofoni ya majini, ni kifaa chenye visirani. Kwenye kinasa sauti, zima kabisa kirekebishaji kinachopandisha na kushusha sauti chenyewe. Kikiwa kimewashwa, kinapunguza meli ikipita na kuongeza ukimya, kisha unaandika kwamba bahari ina kelele sawa saa zote. Sampuli 96,000 kwa sekunde zinakupa hadi kilohezi 48, zinatosha kwa miluzi ya pomboo. Vibofyo vyao vya kutafutia samaki hupita kilohezi 100, vinahitaji sampuli mara mbili ya hapo na zaidi. Kwa nyangumi wakubwa tatizo liko chini: wengine huita karibu na hezi 20, na huko ndiko kebo inayotetemeshwa na mkondo hunguruma. Usiining'inize haidrofoni kwenye boya moja kwa moja. Weka kipande cha kamba ya mpira kati yao, uzito chini, na usiweke mnyororo popote.

Halafu desibeli. Za majini huhesabiwa kutoka mgandamizo wa maikropaskali 1, za hewani kutoka 20, na maji yenyewe ni tofauti na hewa. Kwa jumla tofauti ni kama desibeli 62. Anayekwambia nyangumi ana kelele kuliko ndege ya jeti bila kutoa hizo 62, mwache aende zake.

Kama huna jabali wala haidrofoni, kuna kinyesi. Homoni za msongo zimo humo, nacho hukusanywa mnyama akishaondoka. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 meli zilipungua Bay of Fundy, Kanada, kelele ikashuka kwa desibeli 6, na homoni hizo zikashuka kwenye vinyesi vya nyangumi raiti. Utafiti huo ulitoka mwaka 2012, na uliwezekana kwa sababu watu walikuwa wanakusanya sampuli kabla hawajajua zitahitajika.

Linaloniudhi kuliko yote ni sentensi ya "hawa wameshazoea". Shark Bay, Australia, pomboo wa eneo lenye boti za watalii walionekana kujali kidogo kuliko wa eneo lisilo nazo. Utafiti uliotoka mwaka 2006 ulikuta idadi yao ilikuwa imepungua, na maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba wasiovumilia walihama. Theodolaiti peke yake isingegundua hilo hata kidogo; inahitaji kumjua kila mnyama kwa pezi lake la mgongoni. Kwa hiyo kamera haikwepeki, na boti nayo, lakini kwa siku zake tofauti na siku za jabalini. Kasi ya shata ya kamera isipungue 1/1000 ya sekunde, piga ukiwa ubavuni mwa mnyama, si mbele wala nyuma. Piga kila mmoja, wenye makovu na wasio nayo, la sivyo hesabu yako itakuwa ya wenye makovu tu. Picha za ubavu wa kushoto na wa kulia zitenganishe tangu siku ya kwanza, kwa sababu mikwaruzo ya ubavu mmoja haiko kwenye mwingine, na pomboo mmoja atahesabiwa wawili.