Mark 4 yangu ya kwanza: kutoka mchi wa muthokoi hadi bunduki kamili

Machi, wiki ya pili

Basi nimenunua. Niliingia duka la rehani hapa karibu na Dallas kutafuta drili ya bei poa, nikatoka na bunduki, drili hadi saa hii sina. Ni Lee-Enfield, ile Kenya tunaita Mark 4, dola 280. Nikajaza ile fomu 4473 ambayo kila mnunuzi anajaza dukani, wakakagua rekodi yangu kwa simu kama dakika ishirini hivi, nikalipa, nikaifunga kwa blanketi nikaitia kwenye buti ya gari.

Mke wangu kuiona akauliza kama nimelipa pesa kwa kitu kimevunjika. Hakukosea sana. Hizi bunduki baada ya vita ziliuzwa huku kama njugu, miaka ya hamsini na sitini mtu alikuwa anaagiza kwa posta analetewa hadi mlangoni, mpaka sheria ya 1968 ikazima hiyo biashara. Sasa mzee wa shamba anataka kitu chepesi cha kuwindia kulungu, anaona hii mbao ndefu inayokaribia mdomo wa mtutu ni uzito wa bure, anachukua msumeno. Yangu ilipitia huo msumeno. Mbao ya mbele imekatwa kabla hata ya katikati, vile vifuniko vya juu vimetupwa, pete za chuma zimetupwa, kitako kimepakwa vanishi inang'aa kama meza ya sebuleni. Ukiishika unaona kabisa mchi wa kutwangia muthokoi, yale mahindi ya kukoboa.

Lakini nilikuwa na futi kamba mfukoni, si nilikuwa nimeenda kutafuta drili, nikapima mtutu: sentimita 64, haujaguswa, na yale meno ya kushikia singe bado yapo pale mbele. Hapo ndo nilikata shauri. Mbao utatafuta nyingine, mtutu ukishakatwa imeisha hiyo.

Ubavuni kushoto imegongwa U.S. PROPERTY na katikati ya namba yake kuna herufi C. Hiyo C ni Chicopee Falls, Massachusetts, kiwanda cha Savage, walitengeneza zaidi ya milioni moja kati ya 1941 na 1944 kwa ule mpango wa Lend-Lease wa kuwasaidia Waingereza silaha. Yaani Mmarekani aliitengeneza akampa Mwingereza, alafu ikarudi Marekani kama mtumba. Gikomba, lile soko la mitumba la Nairobi, lakini kinyumenyume.

Kitu kingine, imeandikwa No. 4 Mk I*, kwa hivyo ile nne ni Namba 4 na Mark ni ya kwanza yenye nyota. Nikampigia mjomba WhatsApp kumweleza hivo, maana yeye alikuwa polisi wa akiba miaka mingi na ndo bunduki waliyopewa. Akanisikiliza hadi mwisho. "Kijana, mimi nimelala na hiyo kitu miaka kumi na moja. Ni Mark 4." Sawa mjomba, ni Mark 4.

Machi, mwisho wa mwezi

Mtu akiniuliza kwa nini hii na si ya Kirusi ama ya Kijerumani, jibu ni babu mzaa mama. Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku kwetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, Burma, 1944, bonde la Kabaw wakati wa mvua zao, wakaenda hivo hadi Desemba wakavuka mto Chindwin. Sisi wajukuu alitusimulia mvua kuliko vita, matope na nyumbu wa kubeba mizigo waliokwama. Ya bunduki alisema tu inabeba risasi kumi, na kwamba ukiilaza na maji usiku mmoja asubuhi ina kutu rangi ya ugoro.

Na kutu nimeipata. Nimefungua leo. Mjomba alinionya kitu kimoja na ninakiandika hapa kwa herufi kubwa: TOA MBAO YA MBELE KWANZA, KITAKO BAADAYE. Kuna bolti ndefu imepita ndani ya kitako na kwa nyingine ncha yake ya mbele ni mraba na imeshikana na ile mbao ya mbele, ukianza kuzungusha kitako kabla hujatoa mbele unasikia tu "ka!" na mbao imepasuka. Mimi kosa langu lilikuwa lingine. Nilitumia bisibisi ya kawaida, haikujaa kwenye mfereji wa skrubu, ikateleza ikatafuna kichwa cha skrubu ya kile chuma kinachokinga triga. Na nyuzi za hizi skrubu ni za Kiingereza, huendi dukani ukapata nyingine. Siku hiyo hiyo nikanunua bisibisi za mafundi bunduki, zile ncha zake hazijachongoka kwenda mbele, zimenyooka tu.

Chini ya mbao, kutu kavu upande mzima ambao hewa haikuwa inafika. Mafuta na stilwuli laini kabisa, kidogo kidogo, siku tatu. Sikukwangua hadi chuma cheupe na sikupaka rangi. Vidoti vichache vimebaki, acha vibaki. Ndani ya mtutu nilikuwa naogopa zaidi lakini baada ya brashi na vitambaa kama thelathini mifereji imetokea, miwili tu. Savage nyingi walichonga miwili badala ya mitano kuokoa muda wa vita, na inapiga vizuri tu.

Aprili

Mbao zimefika! Seti nzima ya zamani ya jeshi ambayo haijawahi kutumika, pamoja na pete zake, dola 190. Imefungwa kwa karatasi ya mafuta na imelowa ile grisi ya jeshi, harufu yake ni kama lami imechanganywa na mishumaa, gereji yote inanuka. Dawa yake Texas ni rahisi: unafunga mbao na magazeti ndani ya mfuko mweusi wa takataka, unaweka ndani ya gari juani, mchana grisi inatoka jasho, jioni unapangusa unabadilisha magazeti. Nilifanya siku tano. Gari sasa ina hiyo harufu na nimeambiwa na mwenye nyumba (mke) kwamba kanisani tutaenda na ya kwake.

Baadaye mafuta ya linsidi, unapaka kwa kiganja hadi mkono upate joto, unaacha, unapangusa, kesho tena. Kitako nilitoa ile vanishi na dawa ya kutolea rangi, bila msasa, juu nilitaka mihuri ya mbao ibaki.

Sasa sikia huu upuzi. Vitambaa vya linsidi nilivikunja nikavirundika kwenye ndoo ya plastiki, nikaingia kula. Kurudi nasikia kama kitu kinaungua, nashika ndoo ni moto. Sikuwasha kiberiti mahali popote. Linsidi ikikauka inatoa joto, na vitambaa vikirundikana hilo joto halina pa kwenda, linapanda hadi viwake vyenyewe. Nilikuwa nimewahi kusikia nikadhani ni hadithi za mafundi. Sasa natandaza kimoja kimoja kwenye seng'enge nje, au navilowesha maji kabla ya kutupa. Nyumba iko salama, ndoo imepinda.

Mei

Huu mwezi wote ni kazi moja na ndo iliyokula akili yangu. Nilifikiri mbao ni ya bunduki hii hii, basi unaibandika unafunga skrubu unaenda. Wapi. Hizi mbao zililetwa zikiwa nene makusudi, kiwandani au kwa fundi wa kikosi zilikuwa zinakwanguliwa kufuata kila bunduki. Kuna sehemu mbili ndogo nyuma ya mbao ya mbele, kulia na kushoto, kila moja kama ukucha wa kidole gumba, na hapo ndo chuma kinasukuma mbao kila unapopiga. Zote mbili lazima ziguse sawa. Ikigusa moja tu, risasi zinatawanyika, na ukizidi kupiga mbao inapasuka kabisa.

Utajuaje kama zinagusa? Unapaka rangi kwenye chuma, unaingiza mbao, unatoa, unaangalia rangi imeachwa wapi, unakwangua hapo tu, unarudia. Kuna rangi maalum inauzwa, mimi nilitumia lipstiki. Haikuwa yangu. Nilijua ni ya zamani, kumbe ni ile mke wangu alipaka harusi ya dada yake, na nimeshanunua nyingine, tusiongee hiyo habari.

Nikakwangua kama mara ishirini na kitu, kila mara kama unga tu. Mbao ikaanza kushuka, unaigonga kwa nyundo ya mpira inaingia kwa kubisha hivi, ndo inavyotakiwa. Alafu usiku mmoja nimechoka, badala ya kulala nikasema niguse kulia kidogo tu. Nikaingiza mbao, ikaingia bila nyundo. Nikageuza bunduki juu chini, mbao ikaanguka yenyewe kwenye meza. Nilikaa nikaitazama tu.

Dawa yake ni kupachika kibao kigumu pale ulipozidisha, unagundisha, unaanza kukwangua upya. Kigumu nitatoa wapi saa tano usiku? Kabatini tulikuwa na twiga wa kuchongwa kutoka Wamunyu kule Ukambani, tuliyemleta nyumbani 2019 akavunjika shingo ndani ya sanduku. Kwanza nikamkwangua tumboni kuona kama ni mpingo kweli au ni mbao imepakwa kiwi, maana tunajuana. Mpingo kweli. Nikakata vipande viwili kutoka kwenye mguu, nikavipangusa kwa asetoni juu mpingo una mafuta na gundi haishiki, nikapachika, nikasubiri siku mbili. Lipstiki tena. Sasa inagusa kote kote, na huwezi kuona chochote kwa nje, lakini mimi najua kuna twiga humo ndani.

Kuna kipimo kingine cha mbele. Mtutu wa hii bunduki hauelei hewani, unalala juu ya ile mbao karibu na mdomo, na mbao inatakiwa iusukume juu kwa nguvu ya kama kilo moja hadi tatu. Mtu wa kusafiri kwenda Nairobi hakosi ile mizani ya kuning'iniza masanduku, ya kuhakikisha hujapita kilo 23. Nikafunga kamba kwenye mtutu, nikaweka kikaratasi katikati ya mtutu na mbao, nikavuta na mizani hadi kikaratasi kikatoka. Kilo 1.9. Nilipiga makofi peke yangu gerejini.

Juni

Sijapiga hata moja kabla ya fundi wa bunduki kuiangalia. Kichwa cha bolti kwa hii No. 4 (si ile ya kitako, ni ile unayovuta na kusukuma kuingiza risasi) kina namba, 0 hadi 3, vinazidiana urefu kidogo sana, na kikiwa kifupi kwa bunduki yako ganda la risasi linaweza kukatika ndani. Changu ni 1. Akaweka vipimo vyake, ikafunga penye kufunga ikakataa penye kukataa. Dola 30, usingizi mzuri.

Renji, yadi 100, risasi mpya, nilikataa zile za zamani za jeshi zenye chumvi inayokula mtutu. Nikajaza tano, nikapiga ya kwanza, ya pili ikakwama. Nikavuta, nikasukuma, wapi. Risasi ya hii bunduki, ile ya .303, ina mdomo, yaani ukingo uliotokeza, kwenye kitako chake, na ukijaza vibaya mdomo wa ya juu unakaa nyuma ya mdomo wa ya chini, zinashikana. Ya juu lazima itangulie. Nikatoa zote nikapanga upya, zikaenda kama siagi.

Tano zimeingia kwenye kisahani cha chai, lakini juu sana ya nilipolenga, na hiyo ni sawa kwa sababu tundu lake la kulengea la karibu limepimwa yadi 300 na la mbali 600. Bega linauma kidogo.

Jioni nikampigia mjomba kwa video. Hakusema lolote kuhusu mbao nilizopaka wiki sita. Akaniambia niisogeze simu karibu, nihakikishe haina kitu ndani, nifungue bolti nifunge. Nikafanya. Akaweka simu sikioni, nikawa naona sikio tupu kwenye skrini.

"Rudia."

Nikarudia.

"Mkanda uko wapi?"

Mkanda sijapata bado mjomba, nimeagiza, unakuja wiki ijayo.